Mbele na Nyuma

Kiti changu kiko kwenye baraza ya Posta, Bukavu,
mguu wake mmoja nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
Mashine yangu imepoteza herufi R.
Naiachia nafasi, halafu naijaza kwa kalamu,
ndiyo maana barua zangu zina doa la buluu
penye serikali, penye rehema,
na katikati ya jina langu, Zihalirwa.

Miaka kumi na tisa naandika
*mimi niliyetia sahihi hapa chini*
na mimi huyo siye mimi.
Ni askari asiyelipwa,
ni mtu ambaye kiwanja chake kimeuzwa mara mbili.
Mimi ni vidole tu. Elfu mbili ukurasa,
nakala faranga mia tano.

Jumapili pasta alituhadithia Mwebrania mmoja,
mtoto wa kuhani, mateka,
aliyekaa kando ya mto wa ugenini
mbingu zikamfungukia bila hodi:
magurudumu yenye macho,
na mkono unaonyoosha gombo
lililojaa vilio, mbele na nyuma.
Akaambiwa alitie kinywani.
Nikacheka ndani ya koti.
Mbele na nyuma! Kumbe hata huko juu
karatasi ni ghali.
Nsimire akanifinya paja.

Jumanne akaja M'Cibalonza wa Kadutu.
Mvua ilishuka na mlima,
mlima ukashuka na nyumba.
Hakulia. Alinitajia
kama mtu anayehesabu nguo za kufua:
sufuria mbili,
godoro,
daftari la Ansima,
Ansima,
kiatu kimoja cha Akonkwa,
Akonkwa.
Alikuwa na pesa ya ukurasa mmoja.
Nikaigeuza karatasi, nikaendelea nyuma.

Asili akaipeleka komine mwenyewe.
Nakala ikabaki kwangu.
Nazijua barua za komine:
nimewahi kununua karanga Kadutu
zimefungiwa kwa maneno yangu,
madoa ya buluu na yote.

Usiku ule umeme ulikatika saa mbili.
Sauti haikuja na radi.
Ilikuwa kama mashine ikifika mwisho wa mstari,
ile kengele ndogo,
kisha kimya kinachongoja mkono.
Zihalirwa.
Nikaitika kwa mazoea: elfu mbili ukurasa.
Zihalirwa.
Nikaanza kujitetea, gizani, peke yangu, kama mwizi:
baba yangu alichonga mipini ya majembe,
kwetu hakuna aliyeota ndoto ya maana.
Tena huu ulimi! L na R zimenishinda tangu utoto.
Mwaka wa uchaguzi nilisimama mtaani kuhimiza kura,
watu wakasikia kula, wakauliza sahani ziko wapi,
nikakalishwa.
Mtume mwingine, nikasema.
Wako wengi, wana vipaza sauti.

Kengele tena.
Kula.
Na safari hii herufi ilikuwa yenyewe.

Nikala nakala.
Nilitegemea asali, kama yule wa mtoni.
Nilipata wino wa kaboni, nilipata udongo
wa mlima ulioloa, kitu kama uzi wa shuka la mtoto,
na nyuma kabisa ya ulimi, sijui niseme vipi,
utamu mdogo, wa aibu,
kama sukari iliyobaki chini ya kikombe cha mgonjwa.
Nsimire akaamka. *Unatafuna nini?*
Sikuwa na jibu ambalo halikuwa kinywani.

Asubuhi sikubeba mashine.
Nilipanda komine mikono mitupu.
Wanangoja wengi kwenye korido ile,
wameketi juu ya viatu vyao,
na M'Cibalonza alikuwa wa mwisho, karibu na choo.
Mlinzi akanizuia kwa fimbo ya antena:
Nani amekutuma? Karatasi yako iko wapi?

Sikuwahi kusema neno mle ndani kwa jina langu.
Magoti yalinitetemeka.
Nikafungua mdomo kumwonyesha
ulimi ulivyo mweusi,
nikaanza na sufuria.